Asiyeona Kiu Hatafuti Maji

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa Uwanda wa Makonde. Mtu akisimama mahali paitwapo Shimo la Mungu huona ardhi imekatika ghafla mbele ya miguu yake, na chini kabisa, mbali, hulitazama bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji. Maji yako chini, watu wako juu. Udongo wa uwandani ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji huzama yote ardhini. Kwa vizazi vingi wanawake wa huko wameshuka magenge kabla ya jua kuchomoza, wakapanda tena na mitungi kichwani, na baadaye ndoo.

Nilifika huko nikiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kufundisha katika shule moja ya msingi. Nilikuwa na cheti changu, saa ya mkononi na fimbo. Mradi wa maji ulioanzishwa katika miaka ya 1950 ulikuwa umeleta mabomba, lakini mabomba hayo mara yalitoa, mara hayakutoa. Asubuhi moja msichana wa darasa la nne alichelewa kwa mara ya tatu katika juma lile. Sikumwuliza kitu. Nilimchapa viboko vinne mbele ya wenzake, kisha nikawahutubia wote: kwamba kuchelewa kwao, na uchafu wa sare zao, ni matunda ya ujinga wa mababu zao, ambao walikuwa na nchi nzima ya kuchagua, wakaja kujenga mahali pasipo na tone la maji. Watoto walinyamaza. Usiku ule nililala usingizi mzuri.

Siku ya pili yake bibi yake yule mtoto alikuja shuleni. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Hakuja kugomba. Aliniarifu kwamba mama wa mtoto ni mgonjwa, na kwamba mtoto ndiye ashukaye bondeni alfajiri kuteka maji ya nyumba nzima. Kisha akaniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, umewahi kulala bondeni?" Nikasema sijawahi. "Haya," akasema, akaaga, akaenda zake.

Yule msichana aliacha shule mwaka ule ule. Ninaandika kurasa hizi kwa sababu yake, na kwa sababu ya swali la bibi yake, ambalo lilinichukua miaka mingi kulielewa.

Wamakonde wanayo hadithi ya asili yao. Mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, aliyepita Masasi na kukaa Newala mwaka 1906, aliiweka katika kitabu chake kilichotolewa Leipzig mwaka 1908. Yasemwa kwamba hapo kale palikuwa na kiumbe aliyeishi porini peke yake, asiyeoga wala kunyoa. Akachonga mti ukawa umbo la mwanamke, akaliweka juani, likawa mtu hai. Wakaenda mtoni kuoga, na mtoto wao wa kwanza akazaliwa amekufa. Wakahamia juu zaidi. Wa pili naye akazaliwa amekufa. Wakapanda mpaka kwenye uwanda mkavu, na huko mtoto wa tatu akaishi. Ndipo wakawausia watoto wao wasijenge karibu na maji makubwa, kwa kuwa huko ndiko yaliko maradhi na mauti.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona kuwa ngano ya kuwalaza watoto. Lakini hebu tufikiri. Daktari Ronald Ross alionyesha huko India, mwaka 1897 tu, kwamba vijidudu vya malaria hukaa ndani ya mbu. Kabla ya hapo wasomi wa Ulaya walilaumu hewa mbaya, na jina lenyewe la malaria lina maana hiyo. Wagiriki wa kale nao, katika kitabu kiitwacho Hewa, Maji na Mahali, kinachohesabiwa miongoni mwa vitabu vya Hippocrates, waliandika kwamba watu wanywao maji ya vinamasi huvimba bandama. Kitabu hicho husomwa kwa heshima katika vyuo vikuu. Hadithi ya Wamakonde yasema jambo lililo jirani nalo, nasi twaiita ushirikina.

Zaidi ya homa palikuwa na hatari nyingine. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita katika nchi za chini ikielekea pwani, na Wangoni walishambulia vijiji hivyo mara kwa mara. Vichaka vizito vya uwandani vilikuwa ngome isiyohitaji kujengwa. Sisemi kwamba mababu hawakuwa na kosa. Usalama ule ulilipiwa kwa shingo za wanawake, na wanaume walioketi kivulini hawakuulizwa hesabu yake. Ninalosema ni kwamba walikuwa na sababu zao, nami sikuwahi kuuliza kama wanazo.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Socrates. Mtu huyu aliishi Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Hakuandika hata ukurasa mmoja. Mengi tuyajuayo juu yake tumeyapata kwa mwanafunzi wake Plato. Inasimuliwa kwamba rafiki yake, Chaerephon, alikwenda kwenye hekalu la Delphi akauliza kama yuko mtu mwenye hekima kumpita Socrates, akajibiwa kwamba hayuko. Socrates alipoambiwa alishangaa, maana alijijua kuwa hana hekima yoyote. Akaanza kuwatembelea watu waliosifika, awahoji, ili apate mmoja wa kumpita. Alianza na wanasiasa, akaenda kwa washairi, akamalizia kwa mafundi. Mwishowe akaona kwamba tofauti yake na wao ni ndogo, lakini ni kubwa kwa maana: wao hawakujua na walidhani wanajua, yeye hakujua, na alijua kwamba hajui. Wakubwa wa mji hawakumsamehe. Mwaka 399 kabla ya Kristo alishitakiwa kwamba anawapotosha vijana na haiamini miungu ya mji, akahukumiwa kufa, akanywa sumu.

Katika makundi yale matatu, la mafundi ndilo linalonigusa zaidi. Socrates hakuwadharau. Alikiri kwamba wanajua mambo mengi asiyoyajua yeye. Kosa lao lilikuwa hili: kwa kuwa kila mmoja aliimudu kazi yake, alijiona amestahili kutoa hukumu katika mambo makubwa yaliyo nje ya kazi hiyo, na kosa hilo likaufunika hata ule ujuzi alionao.

Katika kitabu kingine cha Plato, kinachosimulia karamu, Socrates anaeleza mafundisho aliyopewa na mwanamke aitwaye Diotima, wa mji wa Mantinea. Mwanamke huyo anamwonyesha kwamba miungu haitafuti hekima, maana inayo tayari. Wajinga nao hawaitafuti, ingawa hawana. Ubaya wa ujinga uko hapo hapo: mtu si mwema wala si mwerevu, lakini amejitosheleza, na asichoona kuwa amepungukiwa nacho hawezi kukitamani. Kwa lugha ya Newala ningesema: asiyeona kiu hatafuti maji.

Wazee wetu waliujua ubaguzi huu, ndiyo maana hawakulichanganya neno mjinga na neno mpumbavu. Mjinga ni mtu ambaye hajajua. Akifundishwa atajua, na kuuliza si ujinga. Mpumbavu ni yule aliyekwisha kufunga mlango kwa ndani. Balaa ni kwamba mlango huo aghalabu hufungwa na watu wenye nia njema.

Ushahidi hauko mbali na Masasi. Mwaka 1946, Vita Kuu ya Pili ikiwa imekwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki. Ujumbe wa wataalamu ukaongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika. Kwa muda wa majuma tisa hivi wakaikagua nchi, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege, kisha wakaandika taarifa yenye hesabu zilizonyooka: ekari zaidi ya milioni 3 zingefyekwa katika muda wa miaka sita. Nchini Tanganyika mahali palipochaguliwa pakawa Kongwa, Urambo, na huku kusini Nachingwea, jirani ya Masasi.

Hawa hawakuwa matapeli. Walikuwa mafundi wa kweli, kama mafundi wa Athens. Walijua matrekta, walijua vitabu vya hesabu, na njaa waliyotaka kuiondoa ilikuwa njaa ya kweli. Lakini matrekta yaliyonunuliwa kwenye masalio ya vita yaliharibika, mizizi ya vichaka ikavunja majembe, na udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama saruji mara jua la kiangazi lilipowaka. Mvua hazikuifuata taarifa. Wagogo waliijua nchi yao kwa vizazi, pamoja na ukame wake na njaa zake, lakini elimu hiyo haikuwa na ukurasa katika mpango. Kusini ilibidi reli na bandari vijengwe kabla ya karanga zenyewe kuonekana. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Reli ya kwenda Nachingwea ilifungwa mwaka 1962, ikang'olewa. Bandari ya Mtwara ilibaki, nayo imetufaa.

Watu wengi wa rika langu hupenda kuisimulia habari hii wakicheka. Ni vema tucheke taratibu, kwa maana zamu yetu ilifuata.

Wakati mashine zikitua Nachingwea na baada ya kuondoka kwake, wakulima wa Newala na Masasi walikuwa wakipanda mikorosho. Hapakuwa na taarifa wala ndege. Mtu alifyeka kipande chake, akapanda mihogo na mtama, na katikati akachomeka mbegu za korosho. Mihogo ilipokwisha, shamba la mikorosho lilikuwa limesimama. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho zipatazo tani 145,000, sehemu kubwa zikiwa zimetoka kusini.

Kisha ukaja wakati wa kuhamia vijijini. Nia ilikuwa njema, wala sitaki mtu anisome vibaya katika hili: shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kuzifikia kaya zilizotawanyika moja moja. Tena kule mpakani palikuwa na vita ya Wareno ng'ambo ya Ruvuma. Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika mwaka 1967 kwamba watu wasilazimishwe, bali washawishiwe na waone wenyewe. Kufika Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Nilikuwa miongoni mwa walimu walioshika madaftari na kuandikisha kaya. Niliandika jina la mkuu wa kaya, idadi ya watoto, mbuzi na kuku. Hakuna daftari langu hata moja lililokuwa na safu ya kuuliza: mikorosho yako iko wapi, na kutoka kijiji kipya ni mwendo wa saa ngapi?

Mashamba yakawa mbali, magugu yakaisonga mikorosho. Si haki kuupa uhamishaji lawama yote, kwa sababu bei za chini ziliwakatisha watu tamaa, na ugonjwa wa ubwiri unga ulipoingia ulishambulia maua na kuyakausha. Lakini yote hayo yalikutana, na katika msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Mwaka 1977, katika maandishi yake juu ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu alikiri waziwazi kwamba yako mengi yaliyokosewa. Namheshimu zaidi kwa maandishi yale kuliko kwa hotuba nyingi zilizoshangiliwa. Mtu aliye juu akisema "tulikosea" ameona kiu.

Socrates alikwenda mbali zaidi ya hapa. Alifundisha kwamba hakuna mtu atendaye uovu kwa kuupenda uovu. Kila mtu hufuata analoliona kuwa jema, na akitenda ubaya ni kwa sababu hajui lililo jema kweli. Mafundisho hayo yalinitatiza sana, hasa kila nilipoifikiria Masasi.

Maana kituo cha misheni cha Masasi kilianzishwa mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipoleta kutoka Unguja kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nia yake ilikuwa kuwapeleka hadi upande wa Ziwa Nyasa, lakini wao wenyewe walipofika Masasi wakaona wamekaribia kwao, wakataka kukaa. Miaka sita baadaye, mwaka 1882, Wangoni wakaushambulia mji ule. Wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, watu waliokwisha kuonja minyororo mara moja. Je, aliyewafunga mara ya kwanza hakujua kwamba mtu huumia? Alijua sana, ndiyo maana alitumia minyororo.

Aristotle, aliyesoma kwa Plato, alilipinga wazo la Socrates kwa njia kama hiyo: mtu aweza kulijua jema, akashindwa na tamaa yake. Maneno yake yaelekea kuwa na haki. Lakini ni Aristotle huyo huyo aliyeandika kwamba wako watu walioumbwa kuwa watumwa. Mji wa Athens, uliokuwa ukijadili haki na wema, ulikuwa umejaa watumwa. Walichimba fedha katika migodi ya Laurion, na walihudumia katika karamu kama ile ambamo jina la Diotima lilitajwa. Nyani haoni kundule. Wenye hekima wale waliotufundisha ubaya wa kujitosheleza walikuwa na mahali ambapo wao wenyewe walikuwa wamejitosheleza, na hawakuona kiu hata kidogo.

Basi nimefikia kuamini kwamba wote wawili walikuwa na kipande cha ukweli. Uovu hautokani na kukosa habari. Mwuza watumwa alikuwa nazo habari, nami siku ile shuleni zilikuwa karibu nami, kwa bei ya swali moja. Uovu hukua pale mtu anapoona ameshajua vya kutosha kumhusu mwenzake, na kwamba hakuna lililobaki la kuuliza.

Upo pia mfano wa upande wa pili, nao ni wa Masasi. Wamishonari wengi waliotangulia waliyaona mafundisho ya jando na unyago kuwa kazi za giza, na dawa yao ilikuwa kukataza. Marufuku haikuyamaliza. Padri Vincent Lucas, aliyefika sehemu hizo mwaka 1909 na kuwa Askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, aliuliza swali ambalo katazo haliulizi: jambo hili linawafanyia watu kazi gani? Jibu likawa kwamba jando humpa mtoto adabu, humfanya mtu mzima mbele ya jamaa zake, na kumfunga na waliomtangulia. Tangu mwaka 1913 likaanza kufanyika jando la Kikristo, lenye ngariba na mafunzo, padri akiwapo, na sala za Kanisa zikichukua mahali pa matambiko ya mizimu.

Sitaki kumfanya malaika. Yeye ndiye aliyeshika kalamu ya kuamua kipi kibaki na kipi kiondoke, na upande wa wasichana, ambako makungwi hawana desturi ya kumwaga siri mbele ya wanaume, kazi ilikuwa ngumu zaidi. Wapo hata Wakristo Waafrika walioona afadhali mila ile iachwe kabisa. Lakini aliuliza, tena aliwauliza watu ambao wengi wa wenzake waliamini hawana la kumfundisha. Hilo pekee latosha kumtenganisha na waliopita juu kwa ndege.

Miaka kadhaa baada ya kuondoka Newala nilitumwa kwa kazi ya majuma machache katika kijiji kimoja karibu na Ruvuma, wakati wa masika. Maji yalikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Usiku nilisikia mbu wakiimba nje ya chandarua changu chenye matundu, na kabla sijamaliza juma la pili nilikuwa nimelala kitandani, natetemeka kwa homa chini ya mablanketi mawili. Hapo ndipo nilipomjibu yule bibi, ingawa hakuwapo kunisikia.

Nilipopata nafasi ya kurudi Newala niliulizia habari zake. Aliniacha, alikuwa amekwisha kufariki. Mjukuu wake aliolewa, akahama, na niliowakuta hawakuweza kunielekeza. Sasa atakuwa mama mtu mzima, pengine bibi naye. Sijui kama anaikumbuka asubuhi ile, mimi naikumbuka.

Wasomaji wengine huwa wanataka kujua hekima ya Wagiriki inamsaidia nini mtu wa Newala. Kwangu imenisaidia kidogo tu, lakini kidogo hicho sikibadilishi na cheti chochote. Kila ninapojikuta nimelala usingizi mzuri baada ya kumhukumu mtu, naamka nikajihoji kama nilimwuliza jambo lolote kwanza. Kama ningekutana na yule msichana leo, nisingemtajia Socrates wala Diotima. Ningemwomba radhi, kisha ningemwuliza swali ambalo mwalimu yeyote angepaswa kuanza nalo: "Umechelewa kwa nini, mwanangu?"